Ubao wa basketi uwanja wa nje: nimeharibu mbili, wa tatu ndio umesimama

Mkuu uliyeuliza kama ubao wa kioo unafaa kwa uwanja wa shule, na ukate saizi gani: kioo achana nacho. Kile kigumu maalumu cha milimita 12, kwa saizi kamili, kinakaribia kilo 57 kabla ya fremu. Nje, penye mawe na watoto, utajitafutia lawama.

Mtaani kwetu Tanga tumeshafunga ubao mara tatu kwenye nguzo ileile. Wa kwanza ulikuwa plaiwudi ya kawaida, ringi tukaifunga kwa boliti nne kwenye ubao wenyewe. Masika moja tu, tabaka zikaachana na kuvimba kama mkate uliolowa chai. Siku kijana alipodanki (kuruka na kutumbukiza mpira ringini kwa mkono) akaning'inia, ringi ilishuka naye pamoja na kipande cha ubao. Alichubuka kiwiko tu, tukashukuru Mungu.

Tukahamia shiti ya chuma ya milimita 3. Haivunjiki, ila ina kama kilo 45, hewa ya chumvi inaila kutu, na mpira ukigonga ni debe tupu. Mzee jirani alitufuata jioni: "Wanangu, hata adhana siisikii." Tukaishusha.

Huu wa sasa, fundi alichomelea fremu ya vyuma vya engo, juu yake ikalala plaiwudi ya marini, ile ya gundi inayohimili maji, ya milimita 18. Kingo tulizipaka rangi ya mafuta mara tatu, maana maji huanzia kwenye kingo. Boliti za ringi zinapenya ubao na kukaza kwenye bamba la chuma lililochomelewa kwenye fremu. Mtu akining'inia, mzigo unabebwa na chuma. Kanuni za FIBA, shirikisho la basketi la dunia, nazo zinataka hivyo, nguvu ya ringi isihamie kwenye ubao. Kama una sehemu moja tu ya kumwaga pesa, mwaga hapo.

Saizi kamili ni mita 1.80 kwa 1.05, karatasi moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4 inatosha bila kuunga. Ukingo wa chini uwe mita 2.90, ringi 3.05. Kwa watoto wadogo kuna ubao wa 1.20 kwa 0.90, ringi mita 2.60. Na upime kutoka usawa wa sakafu iliyokamilika! Sisi tulipima kutoka kwenye udongo, halafu tukamwaga zege sentimita 10. Mwezi mzima kila mtu mtaani anadanki, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Nguzo ikae nyuma ya uwanja, mkono wake ulete uso wa ubao mita 1.20 ndani ya mstari wa mwisho, ili anayeruka kufunga asikumbatie chuma. Nguzo zile za magurudumu zenye tangi la maji, upepo wa kusi ulishaangusha moja mbele yangu. Kufunga ubao ukutani inawezekana, ila usitegemee boliti za kutanuka (zinazopanuka ndani ya tundu) kwenye tofali za bloku: toboa ukuta mpaka upande wa pili, kaza na bamba. Hapo bado mkono wa chuma unahitajika, la sivyo wachezaji watakula ukuta.

Kama mtafunga ukutani, pima umbali kutoka mstari wa mwisho hadi ukuta wenu uuweke hapa, nikupigie hesabu ya urefu wa mkono.