Nitajuaje Seva Ipi Inaitegemea Ipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia mtandao wenye seva zaidi ya mia tatu, na nyingi ziliwekwa na mafundi ambao wamekwisha kuondoka. Hivi karibuni tulizima seva kuukuu ambayo orodha yetu ilionyesha kuwa haina kazi, na muda si mrefu watumiaji wakashindwa kuingia katika mfumo wa mishahara, ulio kwenye mashine nyingine kabisa. Je, utegemezi wa namna hii unaweza kujulikana mapema?
Msimamizi wa mtandao

JIBU: Ndugu msomaji, unaweza kujulikana, lakini usiutafute katika orodha. Orodha huandikwa siku mashine inapowekwa, ilhali utegemezi huongezeka kila fundi anapotia mstari mpya katika faili ya mipangilio. Ushahidi wa kuaminika umo katika mawasiliano yenyewe.

Anzia kwenye seva ya mishahara. Ikiwa inatumia Linux, amri ya ss -tnp, ikitolewa na mwenye mamlaka ya msimamizi mkuu, itakuonyesha miunganisho iliyo wazi pamoja na programu inayoishikilia. Ukiona mashine hiyo imeunganishwa na poti 389 (poti ni mlango wenye namba unaopokea mawasiliano ya huduma fulani) ya seva nyingine, basi huenda inaiuliza huko saraka ya watumiaji kupitia LDAP, itifaki ya kuulizia saraka za namna hiyo, na hapo ndipo ninaposhuku kwamba tatizo lenu lilianzia. Hata hivyo, amri hiyo huonyesha hali ya dakika ile tu, na kazi inayofanyika mwisho wa mwezi haitaonekana katikati ya mwezi. Kwa hiyo kusanya pia kumbukumbu za mitiririko kutoka kwenye ruta na swichi, kwa mfano kwa NetFlow, teknolojia iliyoanzishwa na Cisco katika miaka ya 1990, ambayo huandika nani aliwasiliana na nani, kwa poti ipi, tangu saa ngapi hadi saa ngapi, bila kuhifadhi maneno yaliyosemwa. Mwezi mmoja kamili, pamoja na siku za kufunga hesabu, ndio muda mfupi kabisa ninaoukubali.

Kazi ngumu ni kuunganisha jozi hizo za mashine zilizowasiliana ziwe mnyororo. Mtumiaji anapofungua mfumo kwa poti 443, ile ya kurasa za wavuti zilizolindwa, na kabla mawasiliano hayo hayajaisha seva ikafungua na kufunga mtiririko wa kwenda poti 389, mtiririko wa pili umo ndani ya wa kwanza, na hiyo ni dalili ya utegemezi. Tukio moja linaweza kuwa sadfa, hasa kwenye seva inayohudumia maelfu kwa pamoja, hivyo hesabu ni mara ngapi wa kwanza ulikuja na wa pili ndani yake. Lakini usipime uzito wa utegemezi kwa hesabu hiyo peke yake. Programu nyingi hufungua muunganisho mmoja asubuhi na kuutumia mchana kutwa, na majibu ya DNS, huduma inayogeuza majina ya mashine kuwa anwani, huhifadhiwa kwa muda, kwa hiyo huduma inayobeba mfumo mzima inaweza kuonekana mara chache mno.

Pale mnapoweza kubadilisha programu, kila ombi lipewe namba ya utambulisho inayosafiri nalo kutoka huduma hadi huduma. Google walieleza mfumo wao wa aina hiyo, Dapper, mwaka 2010, na leo OpenTelemetry, zana za kazi hiyo hiyo, hupatikana bure. Programu kongwe zisizoguswa zitabaki nje.

Vyombo vya uangalizi navyo viingie katika ramani yenu ya utegemezi. Tarehe 28 Februari 2017, hifadhi ya S3 ya Amazon ilipopata hitilafu, ukurasa wa kutangaza hali ya huduma ulishindwa kusasishwa kwa takriban saa mbili kwa kuwa nao uliitegemea S3.

Kabla ya kuzima seva nyingine, zifunge kwanza poti zake kwenye fayawoli, yaani ukuta wa kuzuia mawasiliano, kwa saa moja, mchana, mafundi wakiwepo, na uandike kila anwani inayokataliwa. Hakikisha miunganisho iliyokwisha kufunguliwa nayo imekatwa, la sivyo jaribio litakudanganya. Kufungua tena poti ni kazi ya sekunde chache, ilhali mashine kuukuu ikizimwa huenda isiwake tena. Kukiwa kimya, zifunge tena hadi mwisho wa mwezi upite, ndipo uchomoe waya.