Mnyama Ana Mwenyewe: Maneno kwa Wanagenzi Wapya

Nimepita kwenye meza zenu, hapa karakanani kwetu Unguja tunakotengeneza vinyago na mavazi ya wanyama, nikakuta, kwa mara nyingine, kima punju, yule kima mwekundu wa hapa, aliyepewa mkia uliojisokota kwenye tawi, mabawa ya popo yaliyoshonwa chini ya mikono ya shati, na kichwa cha paa nunga kisicho na tundu hata moja la kupitishia pumzi. Waliokutangulieni waliyafanya yote haya, na waliowatangulia wao pia waliyafanya, ingawa baadhi yao leo wanapita karakanani wakiguna kana kwamba walizaliwa na patasi mkononi. Sitawafundisha kuchana miyaa wala kushona ukili, kwani hayo mmekuja nayo kutoka majumbani kwenu. Mnajua pia kwamba anayekuja kwetu hatafuti vazi la kuchezea sikukuu, bali anatafuta sura ya yule mnyama ambaye tangu utotoni amejiona kuwa ndiye. Yaliyobaki nayaandika hapa, ili nisiwe nayarudia kila wiki hadi sauti inikauke.

1. Msikilize mtu kabla ya kumpima kichwa. Ughaibuni watu hawa hujiita theriani na wana makundi yao. Hapa kwetu mtu huja peke yake, akazunguka zunguka na habari za mvua na bei ya samaki, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba asili yake ni komba. Anajua vizuri kuwa ana mwili wa binadamu, anakwenda kazini, anasali na analipa kodi ya nyumba, kwa hiyo usimuulize kama amepandisha pepo, wala usimwangalie mwenzako ukacheka kwa macho. Muulize mnyama huyo anaketi vipi, anakuwa karibu naye saa ngapi, na ni sehemu gani ya mwili anayoihisi hata pale ambapo haipo. Yuko aliyekuja kwetu asili yake ni kaa wa nazi, wale wanaohifadhiwa kisiwani Chumbe, na mwanagenzi mmoja akakimbilia kumtengenezea gamba la konokono la kubeba mgongoni. Kaa yule hubeba gamba la kuazima akiwa mdogo tu. Akikua huliacha, akaishi na mgongo wake mwenyewe uliokomaa. Bwana yule hakutaka uso hata kidogo. Alitaka uzito mabegani na mikono miwili ya kubana, wa kushoto mkubwa kuliko wa kulia, kwa sababu ndivyo kaa huyo alivyo, na angeyasema hayo siku ya kwanza lau angeulizwa.

2. Mwangalieni mnyama wa hapa, si wa kwenye picha. Kima punju hashiki tawi kwa mkia. Mkia wake ni wa kumsawazisha anaporuka, na akikaa huuacha ukaning'inia. Kidole gumba chake ni kijinundu tu, na kwa hiyo glavu zenu za vidole vitano, hata mkizipamba namna gani, ni mikono ya mtu mwingine. Msitu wa Jozani, wanakoishi, uko karibu, nauli ya daladala haijamshinda mtu, na kima wale wamewazoea watu kiasi kwamba unaweza kuzihesabu nywele nyeupe za utosini mwao. Ukibahatika utawaona wakitafuna makaa ya kuni waliyoyaokota, ambayo inaaminika huwapunguzia sumu ya majani wanayoyala, na ukiwahi kuona uso ule mweusi wenye midomo ya waridi ukichafuka kwa makaa, hutapaka tena rangi kinyago kwa kukisia.

3. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo hili ni langu. Kijana mmoja wa Pemba alinijia akaniambia kuwa asili yake ni popo. Si popo yeyote, bali yule mkubwa wa Pemba ambaye hapatikani penginepo duniani, mwenye mabawa yanayofikia takriban mita 1.6 akiyakunjua. Alikua chini ya miti wanayolala. Alinieleza jinsi wanavyojifunika mabawa yao wakining'inia mchana kutwa, jinsi wanavyojipepea jua likipanda, na jinsi manyoya yao yalivyo na rangi ya kutu huku mabawa yakiwa meusi. Nilimsikiliza kwa sikio moja. Sikio la pili lilikuwa limeshajaa popo wangu mimi, yule wa mabango ya filamu za kizungu, na nilikuwa na hamu ya kuonyesha ufundi.

Nikamtengenezea uso mweusi wenye meno marefu. Nikasimamisha masikio makubwa, kama ya wale popo wadogo wanaowinda wadudu kwa kusikiliza mwangwi, wakati popo wa Pemba ana masikio madogo na macho makubwa, kwa kuwa njia yake huitafuta kwa macho na chakula chake kwa pua. Nikampa mkia, na popo yule hana mkia. Macho nikayapaka rangi nyekundu. Kazi yenyewe ilikuwa safi, siwezi kusema uongo. Mshono haukuonekana, na mabawa yalifunguka bila ya kukwama. Kijana alipokuja kuichukua aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ahsante, fundi." Nyinyi mnajua kijana wa Pemba aliyelelewa vizuri anavyomjibu mtu aliyemzidi umri. Mimi niliuchukua ule ukimya kuwa ni furaha.

Akaivaa Idi pili, baada ya magharibi, kwenye kiwanja cha sikukuu cha kijijini kwao. Kwanza alilia mtoto. Kisha bibi mmoja akalitaja jina ambalo Mpemba mwenye umri wangu halitaji usiku bila ya kuangalia nyuma: Popobawa, lile pepo la mabawa ya popo linalosemwa kuwavamia watu usiku. Mwaka 1995 hofu ile ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja, familia nzima zikawa zinalala nje pamoja, na mjini Unguja mtu asiye na hatia aliuawa na watu waliomdhania kuwa ndiye. Mimi mwenyewe mwaka ule nililazwa uani juu ya mkeka mmoja na watoto wa majirani, na wala sikuwa mdogo kiasi cha kusahau. Nilijua yote hayo nilipokuwa nikiyapaka macho yale rangi nyekundu, na halikunipitia akilini kwamba kuna mtu atakayesimama ndani yake mbele ya majirani zake.

Jiwe la kwanza lilichana bawa. La pili halikurushwa, kwa sababu mzee mmoja alimtambua kijana kwa viatu vyake, akapiga kelele kuwa huyo ni mtoto wa fulani. Hakuumia mwilini. Lakini alikivua kichwa mwenyewe, taratibu, watu wote wakimtazama, siku ileile aliyokuwa ameichagua ili aonekane alivyo. Aliporudi kwangu hakuniletea ugomvi. Aliiweka kazi yangu mezani akasema, "Fundi, popo hamdhuru mtu. Anakula shelisheli."

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Tulichofanya ni kwenda pamoja Kidike, kule Pemba wanakolala popo hao, tukakaa chini ya miti hadi jioni, na safari hii yeye ndiye aliyezungumza. Popo hao waliwahi kupungua mno kwa kuwindwa na kwa kukatwa miti, hadi wenyeji walipoamua kuwalinda, na yeye alilieleza hilo kama mtu anayesimulia habari za ukoo wake. Kazi ya pili tuliitengeneza kwa ukili mwembamba wa ukindu usoni, uso wa utulivu wenye pua ndefu kidogo kama ya mbwa, na shingoni usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, uliochemshwa kwa rangi ya mkeka hadi ukatoa ile rangi ya kutu. Vidole vya bawa vilikuwa vya henzerani, vikianzia kwenye kifundo cha mkono, na kucha ya gumba ilichongwa kwenye kifuu. Aliivaa asubuhi, barazani kwao, kabla ya kuipeleka popote. Bibi yake aliishika ile kucha, akaigeuza geuza, kisha akauliza kama msimu huu ndiye atakayemmalizia maembe yake.

4. Chui ana maneno yake. Kisiwani Unguja, kwa vizazi vingi, watu wamesadiki kwamba wachawi hufuga chui na kuwatuma, na baada ya Mapinduzi ya 1964 chui waliwindwa katika kampeni iliyowaandama wachawi nao. Kwa hiyo anayesema asili yake ni chui mpokee kwa heshima ileile, lakini muulize atavaa wapi na mbele ya nani, na jibu lake ndilo litakaloamua kama unamtengenezea kichwa kizima au kitu cha kuvaa kifuani ndani ya nguo. Na madoa yawe ya chui wa hapa: madogo, yaliyovunjika vunjika, si yale maua makubwa ya chui wa bara. Tofauti hiyo iliwafanya wataalamu wampe jina lake la kisayansi mwaka 1932, nanyi mnashindwa kuiona kwenye kitambaa cha dukani.

5. Ng'amba, ngozi ya mnyama wa porini na magamba ya kobe hayaingii karakanani, hata ukiambiwa ni mali ya marehemu babu.

6. Bawa la popo ni kiganja kilichorefuka. Kitambaa kinachoning'inia kutoka kwapani hadi kiunoni ni joho, na joho tunaye fundi wake Darajani, mwende mkamuone. Usumba uoshwe mpaka maji yatoke meupe, kwa sababu makumbi hufukiwa pwani kwa miezi, na mtu hawezi kukaa saa nzima na harufu ya tope la mikoko puani. Kila kichwa uvae wewe mwenyewe kwanza, juani, wakati wa kaskazi, ukiwa umesimama. Ukiona kizunguzungu kabla hakijamfika mteja, umefanya kazi. Karatasi na uji wa muhogo vitaota koga masika ikiingia. Nimesema mara ngapi?

7. Mtaambiwa, na mtaambiwa na watu mnaowaheshimu, kwamba malaika hawaingii nyumba yenye sanamu. Msibishane na mtu barazani juu ya jambo hili. Wako mafundi wenzetu wanaotengeneza vya kuvaa tu na hawachongi umbo zima, na wako wanaochonga mwili wakaacha kichwa bila ya macho, na kila mmoja ana shekhe wake aliyemuuliza. Asiwepo kati yenu wa kumcheka. Sanamu zikae karakanani, zisipelekwe mahali watu wanaposalia. Mimi nachonga, na jibu la nafsi yangu ninalo. Wewe tafuta lako, na usiniulize langu ili ulinakili.

8. Juu ya watalii. Rafu ya kulia, iliyo karibu na mlango, ni ya kuuza: kasa wa mbao, vipanya vya kifuu, na vinyago vya kima ambavyo havina mtu ndani yake. Rafu ya ndani, yenye pazia la kitambaa cha marekani, si ya kuuza wala ya kupigwa picha, kwa sababu vilivyoko kule vina wenyewe, na wengine hata ndugu zao hawajui kama viko. Juzi nimemkuta mmoja wenu amefungua pazia kwa ajili ya mgeni aliyekuwa ameshika dola mkononi, akimweleza kwa Kiingereza kizuri sana habari za yule wa kaa wa nazi. Bei ya rafu ya ndani haipo. Mgeni akisisitiza mwoneshe kasa, na akisisitiza tena niite mimi.