Listi ya michango imefika kwako, na wote wameandika laki

*Anti shikamoo. Mi ni kijana wa miaka 29, nauza mitumba pale Memorial hapa Moshi. Mwezi uliopita niliungwa kwenye grupu la WhatsApp la sendofu ya binti wa jirani yetu, moyoni nilishajipangia 30,000 na wala hainiumi. Sasa nafungua listi nakuta wa kwanza 200,000, wa pili 100,000, wa tatu 100,000, mpaka namba 14 hakuna aliyeshuka hapo, nkajikuta nami nimeandika namba 15, jina langu, ahadi 100,000. Wiki hiyo hiyo bibi mmoja anayepita na ndizi akaniomba 2,000 ya dawa nkamwambia sina. Mi ni mkarimu au naogopa watu tu? (Mangi, Memorial)*

Marahaba mangi, na pole kwa laki.

Haujarogwa. Mi mwenyewe nilishanunua kuku wa 45,000 kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada, kuku amekonda hata supu hatoi, kisa mama mmoja wa kwaya alifika 40,000 alafu benchi zima la mbele likageuka kunitazama. Nilifika nyumbani mume wangu akauliza huyu kuku anataga dhahabu au vipi.

Ila usikimbilie kusema ni woga tu. Kule Uswisi, chuo kikuu cha Zurich, kila semista wanafunzi walikuwa wanaulizwa kama watachangia mifuko ya kusaidia wenzao. Watafiti wawili, Bruno Frey na Stephan Meier, kazi yao ilitoka 2004, wakawaambia baadhi kwamba asilimia 64 ya wenzao walichangia na wengine wakaambiwa asilimia 46, na zote zilikuwa namba za kweli za vipindi tofauti. Walioambiwa 64 wakachangia zaidi, sio kwa tofauti kubwa sana, lakini zaidi. Na hapo hakuna grupu wala jirani wa kukusoma jina, mtu anajaza fomu yake kimya kimya. Yani tukisikia wenzetu wanatoa tunaona kumbe ndo ilivyo, na mkono unafuata. Huo sio woga, ndo tulivyolelewa pia, nani alikufundisha kubeba sukari ukienda msibani kama sio kumwona mama anabeba?

Woga ni ile sehemu ya pili, ya kuonekana. Pembeni ya Chicago kuna watafiti walituma watu wa kuomba michango mlango kwa mlango, baadhi ya nyumba wakaachiwa kwanza kikaratasi kwamba kesho tutapita, na kwenye vingine kukawa na kisanduku cha kuweka tiki kama hutaki kusumbuliwa. Palipokuwa na kisanduku, utoaji ulishuka kati ya asilimia 28 na 42. Manake wengi walikuwa wanatoa kwa sababu mtu kasimama mlangoni na kumwambia hapana ana kwa ana ni kazi.

Sasa jipime hivi: kama mweka hazina angepokea kwa inboksi bila kuandika jina la mtu, ungetuma ngapi? Kama ni 30,000, basi 30 ni zako na 70 ni za namba 1 mpaka 14. Na bibi wa ndizi hakuwa na listi, ndo maana ulimwambia huna.

Kwa sasa ahadi ni deni, ila deni linaongeleka. Mfuate mweka hazina pembeni, sio kwenye grupu, mwambie biashara imebana, utatoa 50 kwa awamu mbili. Wanazoea hayo, amini. Siku nyingine panga hela yako kabla hujafungua listi, alafu andika hiyo 30 bila maelezo marefu. Utashangaa namba 16 na 17 wanavyoshusha pumzi na kuandika 20, walikuwa wanasubiri mtu. Na yule bibi si anapita kila wiki?

*Anti, mi ni mweka hazina wa kamati ya harusi huku Sakina, Arusha. Watu wamenyamaza. Mwenyekiti anasema tuandike mjomba 500,000 hata kama hajaahidi, ili wengine waamke. Ni sawa?*

Sio sawa, ingawa mwenyekiti wako sio mjinga. Kuna redio moja Marekani inayoishi kwa michango ya wasikilizaji, Jen Shang na Rachel Croson walifanya utafiti pale, mtu akipiga simu kuchangia anaambiwa msikilizaji mwingine katoa dola 300, na michango ikapanda kama asilimia 12. Lakini wa dola 300 alikuwepo kweli. Wenu hayupo, na siku ya harusi mjomba akikaa meza ya mbele akasikia MC anamshukuru kwa laki tano, hapo utanitafuta tena. Alafu laki tano juu ya listi inawatisha wenye 20, wanaona aibu wanakaa kimya moja kwa moja, nimeliona hilo kwenye kamati zaidi ya moja. Anza na majina ya walioshatuma, hata kama ni 20 na 30, na uandike "tuma na ya kutolea". Mjomba mpigie simu, huenda ana hata 50 ya kweli.