Maswali ya wasomaji: Ngoma ya babu, siku za Bulabo na kona ya MV Bukoba

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka Mwanza, Magu na Ilemela, na karibu zote zinazungumzia makumbusho: jinsi ya kufika, jinsi ya kuazima au kuazimisha vitu vya ukoo, na jinsi shule au mtaa unavyoweza kuandaa maonyesho yake. Tumechagua sita.

Kila mwaka nasikia Bulabo imeshapita. Tarehe yake hupangwaje, na nikifika Bujora nianzie wapi?
*Msomaji, Buhongwa*

Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma inayofanyika Bujora, haina tarehe ya kudumu kwa sababu inakwenda na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, na sikukuu hiyo hufuata Pasaka. Anza na Jumapili ya Pasaka, ongeza siku 60, utaangukia Alhamisi ya Ekaristi. Parokia nyingi huisherehekea Jumapili inayofuata. Kwa mfano, Pasaka ya 2027 ni Machi 28, kwa hiyo Alhamisi hiyo ni Mei 27 na Jumapili ni Mei 30. Watu wamezoea kusema "Bulabo ni Juni", na miaka mingi ni kweli, lakini Pasaka ikiwahi na Ekaristi inawahi. Siku zenyewe za mashindano ya ngoma hutangazwa na kituo cha Bujora na zinaweza kusogezwa, hivyo ulizia Bujora mara Pasaka inapopita.

Bujora iko Kisesa, wilayani Magu, kama kilomita 20 kutoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma. Panda daladala ya Kisesa, ukishuka chukua bodaboda. Fika asubuhi uanze na makumbusho kabla watu hawajajaa: nyumba ya Kisukuma, nyumba ya mganga, ya mfua chuma, na banda la watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Makumbusho hayo yalianzishwa na Padri David Clement, na mpangilio wa nyumba kwa nyumba unamfanya mgeni aelewe maisha yalivyopangwa, tofauti na vyumba vya kabati za vioo.

Kwenye uwanja wa ngoma kuna jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Vyama viwili vya ngoma, Wagika wanaomfuata mwasisi wao Ngika na Wagalu wanaomfuata mwasisi wao Gumha, hushindana kwa kucheza wakati mmoja, kila upande na uwanja wake. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Ndiyo maana utaona nyoka, mavazi ya ajabu, majembe ya ngoma ya bugobogobo yakirushwa juu na kudakwa: kila kimoja kinakuja kumvuta mtazamaji wa upande wa pili. Kusimama kwako ni kura, basi usiwe mtu wa kupita tu. Watoto wasitangulizwe mbele kabisa palipo na chatu, na usiwashe mwanga wa kamera karibu naye.

Tuna ngoma na kigoda vya marehemu babu. Shule inataka kuviazima kwa maonyesho. Kigoda kinadondosha unga. Je, nikipake vanishi kwanza?
*Msomaji, Nyakato*

Hapana. Vanishi, mafuta ya kula, mafuta ya taa na rangi ya viatu ndivyo vinavyoharibu vitu vya ukoo kuliko wadudu wenyewe. Vinaziba mbao, vinashika vumbi, na vinafuta alama za mikono: pale kigoda kilipong'aa kwa kukaliwa miaka mingi ndipo penye historia. Wala usikioshe kwa maji. Tumia brashi laini na kavu, ya kupakia rangi au ya kunyolea, ukifagia vumbi kutoka juu kwenda chini.

Kwanza hakikisha kama wadudu wanaotoboa mbao na kutoa unga huo wako hai. Weka kigoda juu ya karatasi nyeusi, mahali pasiposukumwa na watoto, kwa wiki mbili. Matundu ya zamani yanaweza kumwaga unga wa zamani kitu kikitikiswa, lakini unga mpya, wa rangi ya mbao mbichi, ukijikusanya kwa vilima vidogo chini ya tundu, basi wamo. Kitenganishe na vitu vingine vya mbao siku hiyohiyo.

Dawa salama kwa kigoda cha mbao tupu ni baridi. Kifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, toa hewa kadiri uwezavyo, ziba kwa selotepu, kisha kiweke kwenye friza yenye nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa siku 14. Umeme ukikatika hadi friza ikaanza kuyeyuka, hesabu ianze upya, kwa sababu baridi inayoshuka polepole huwapa wadudu nafasi ya kuizoea. Ukikitoa usifungue mfuko kwa saa 24. Umande utaganda juu ya plastiki badala ya kuingia kwenye mbao. Watu wengi hukosea hapa: wanafungua mara moja ili waone, mbao inalowa, na mwezi unaofuata kuna ukungu.

Ngoma isiingizwe kwenye friza. Ngozi imewambwa, inavuta mbao, na baridi kali inaweza kuipasua au kuvunja vigingi. Ngoma ifungwe kwenye mfuko peke yake, ikaguliwe kila wiki, na mhifadhi wa makumbusho aombwe kuiona. Pia amueni mapema: je, itapigwa au itaonekana tu? Desturi ya kuipasha ngoma moto kabla ya kuipiga ni nzuri kwa ngozi inayotumika. Ngozi iliyokauka miaka mingi ukutani itapasuka mbele ya wageni. Kama shule inataka sauti, watafute ngoma mpya, na hii ya babu ikae kimya karibu nayo.

Ukishaileta, isiwekwe sakafuni. Mchwa hupita kwenye nyufa za saruji. Inueni kwa matofali au meza, sentimita 15 kutoka ukutani, mbali na dirisha la jua. Karibu na ziwa unyevu ni adui: unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa siku nyingi, kuvu huota kwenye ngozi. Feni inayozunguka na madirisha yanayofunguliwa mchana husaidia kuliko kufunika kwa nailoni.

Halafu andikianeni. Karatasi moja inatosha, nakala mbili, na iwe na: jina la mwenye mali, maelezo ya kitu kwa vipimo, picha za pande zote, hasa nyufa zilizopo, tarehe ya kuchukua na ya kurudisha, nani anasafirisha, nani analipa kikivunjika, na kama picha zake zinaruhusiwa kutumika. Neno "azima" lionekane. Mizozo mingi kati ya koo na taasisi huanzia pale mjomba mmoja alipotoa kwa nia ya kuazima, na mwingine akaelewa zawadi, na karatasi haipo. Kitu cha ukoo hakitolewi na mtu mmoja. Waitwe wenye usemi.

Na zaidi ya yote, kabla ya kukitoa, kaa na mzee aliyemwona babu akikipiga, umrekodi. Ngoma isiyo na maneno ya mwenyewe ni mbao na ngozi.

Tunaandaa kona ya kumbukumbu ya MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria Mei 21, 1996, kwa ajili ya maadhimisho ya siku hiyo. Wanafunzi wahojiane na walionusurika na ndugu wa marehemu vipi?
*Mwalimu, Igoma*

Jambo hili linahitaji uangalifu kuliko yote yaliyoulizwa safari hii, na eneo lako, palipo na makaburi ya Igoma walikozikwa marehemu wa ajali hiyo, watu wanaishi nalo.

Mwanafunzi asiende peke yake. Awepo mwalimu au mzazi. Nenda mara mbili. Ziara ya kwanza ni ya shikamoo, kueleza kazi na kuuliza kama mama au mzee yuko tayari, bila kinasa sauti. Ya pili ndiyo ya kurekodi. Anza na ruhusa ikiwa ndani ya sauti yenyewe: jina, tarehe, mahali, na maneno yake mwenyewe kwamba anakubali, na kama anakubali jina lake litajwe. Mruhusu akatae jibu lolote. Usiulize "ulijisikiaje?". Uliza "asubuhi ile ulikuwa wapi?", kisha nyamaza. Akilia, simamisha, usimkatize kwa swali jingine. Na awe na mtu wa karibu wa kukaa naye baada ya mahojiano.

Kuhusu vifaa: simu mbili, zote kwenye hali ya ndege, umbali wa sentimita 30 hivi kutoka mdomoni, juu ya kitambaa na si juu ya meza tupu inayogonga. Kaeni ndani; upepo wa ziwa hufuta maneno. Rekodi dakika moja, isikilizeni, ndipo muanze. Kama mtu anasema Kisukuma, Kihaya au Kikerewe, aseme kwa lugha hiyo, mtafsiri baadaye na mhifadhi rekodi asilia. Kuandika saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita, kwa hiyo wanafunzi 10 wakileta saa moja kila mmoja, mna kazi ya wiki kadhaa. Watu wachache waliohojiwa vizuri wanatosha. Wekeni nakala tatu, moja nje ya shule.

Kwenye ukuta, msitundike picha za miili, hata kama gazeti lilizichapa. Ndugu zao watapita hapo. Wekeni ramani ya safari: Bukoba, Kemondo, Mwanza, na mahali meli ilipopinduka karibu na Bwiru. Wekeni pia maelezo ya hesabu, kwa kuwa mgeni ataiuliza. Meli ilikuwa na uwezo wa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili pekee ilikuwa na watu 443, na daraja la tatu halikuwa na orodha. Ndiyo sababu idadi ya waliofariki hutajwa tofauti, na ukweli huo wenyewe unafundisha zaidi ya tarakimu moja kubwa iliyochorwa kwa wekundu. Acheni kona yenye viti viwili vitatu na daftari la wageni kuandika majina ya waliopotea. Msilisahihishe daftari hilo.

Maelezo yetu ya maonyesho hayasomwi. Watu wanapita tu. Tufanye nini?
*Kikundi cha vijana, Ilemela*

Yamezidi urefu. Maneno 50 hadi 70 kwa kitu kimoja, herufi za ukubwa wa 24 au zaidi, katikati ya maandishi ikae sentimita 140 kutoka sakafuni, na kwa watoto iwe chini ya hapo. Karatasi isiyong'aa, imebandikwa kwenye kadibodi ngumu. Ile ya laminesheni inarudisha mwanga machoni na hujaa mapovu unyevu ukiingia. Msiandike "Jembe la kale". Linganisheni na hili:

"Jembe hili lilifuliwa na Walongo, mabingwa wa chuma wa upande wa Buzinza. Majembe ya chuma yalilima mashamba, na pia yalitolewa mahari. Angalia ncha ya kushoto: imelika zaidi kuliko ya kulia. Aliyelitumia alikuwa akikata udongo kwa upande mmoja."

Mwombeni mgeni aangalie kitu, na ataangalia. Lakini msiandike la ncha kama hamkuiona kwenye jembe lenu.

Kama tukio ni la jioni na mko karibu na ziwa, zimeni taa za nje na fungeni madirisha yenye wavu. Vile vidudu vidogo vya ziwani huja kama moshi vikifuata mwanga, na asubuhi vimebandikwa kwenye kila karatasi. Picha za zamani zisitundikwe zenyewe. Skani kwa nukta 600 kwa inchi (dpi), chapisheni nakala, na asilia irudi kwenye bahasha isiyo na asidi, gizani.

Tukichimba msingi tumekuta vigae vya vyungu na mabonge mazito ya chuma kilichoungua. Tunaweza kuvipeleka kwenye maonyesho ya mtaa?
*Fundi, Nyegezi*

Simamisha hapo penye vigae, si eneo lote la ujenzi. Usivioshe, masizi na mabaki ya chakula yaliyoshika ndani ndiyo yenye habari. Piga picha vikiwa shimoni, ukiweka rula au kalamu kando, na andika kina kutoka juu ya ardhi. Pembeni ya ziwa hili kuna vyungu vya kale vya aina iitwayo Urewe, vinavyojulikana kwa kijishimo chini ya kitako, na kazi ya kuyeyusha chuma iliyoenda navyo, kwa hiyo mabonge hayo si takataka. Taarifa iende kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863; kuchimba zaidi bila kibali au kuviuza kunaweza kukuletea kesi. Baada ya kuonwa na mtaalamu, kuna uwezekano wa kuombewa kuonyeshwa mtaani.

Darasa letu linataka kwenda Butiama. Twende lini, na siku moja inatosha?
*Mwalimu, Magu*

Inatosha mkiondoka alfajiri. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa 1999, hujaa Oktoba 14, siku aliyofariki, na watoto hawasikii mwongozaji. Chagueni siku ya kawaida katikati ya wiki, mwandike barua mapema mkitaja idadi, na mgawe darasa vikundi vya watoto 20. Kikundi kimoja kiwe ndani, kingine kwenye kaburi na makazi, kisha wabadilishane. Kila mtoto apewe swali moja la kutafuta jibu lake ndani, na maswali yasifanane.