Kuunganisha darasa la Dar na la Kigoma kwa video: ushauri wangu kwa walimu wenzangu

Walimu wenzangu wakiniuliza kuhusu kufundisha darasa kwa video, swali la kwanza huwa ni programu gani, Zoom au Google Meet au ile Jitsi, na mimi nawarudisha nyuma kidogo nawauliza huko upande wa pili kuna nani na watoto watakuwa wanafanya nini. Programu zinafanana sana, ukishaizoea moja nyingine haikusumbui. Mimi nafundisha jografia Dar kwenye shule ya kata ya kawaida, tuna kompyuta moja ya mezani na projekta ya kuazima kwa taaluma, na rafiki yangu tuliyesoma naye chuo yuko Kigoma anafundisha somo hilohilo, kwa hiyo haya ninayoandika ni ya darasa lililojaa watoto, sio ya mtu mmoja na laptopu yake sebuleni.

Ngoja niwape mfano wa kipindi kilichonifanya niipende hii kitu. Mada ya longitudo na saa ukiifundisha ubaoni watoto wanakariri tu, digrii 1 ya longitudo ni dakika 4 za saa, wakimaliza mtihani imeisha hiyo. Sasa Dar iko kwenye digrii 39 na kidogo mashariki, Kigoma iko 29 na nusu na kidogo, tofauti yake ni kama digrii 9 na nusu, zidisha kwa 4 unapata dakika 38. Saa za ukutani nchi nzima zinasoma sawa lakini jua linafika juu kabisa Dar dakika 38 kabla ya Kigoma. Tukakubaliana na huyo rafiki yangu, madamu wa Kigoma, kila shule isimamishe fimbo ya mita 1 uwanjani, mwezi Julai shule zikishafunguliwa, maana kipindi hicho jua liko kaskazini kwetu na fimbo hiyo inatoa kivuli cha karibu nusu mita kinachoangukia kusini, kinapimika vizuri (mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba msijaribu, jua linakuwa karibu utosini na kivuli kinakaribia kupotea). Mstari wa kusini tuliuchora mapema kwa dira kuanzia kwenye fimbo, kivuli kikilala juu yake ndipo jua limefika juu kabisa, na hili ni muhimu kweli, kwa sababu urefu wa kivuli karibu na mchana unabadilika polepole mno, huwezi kusema ni dakika ipi kimekuwa kifupi kuliko zote, ila mwelekeo unauona kwa macho.

Ilipofika kama saa 6 na nusu kivuli chetu kikalala juu ya mstari, na kwenye projekta tunaona cha Kigoma muda huohuo bado kimeinamia magharibi, mbali kabisa na mstari wao, binti mmoja akapaza sauti "Sir, kwao mchana haujafika!" Hiyo sentensi nimeisubiri miaka yote naifundisha hii mada. Tukaendelea na hesabu darasani, na baadaye Kigoma wakaanza kupiga kelele kwamba chao kimegusa, watoto wakatoa saa yetu kwenye saa ya Kigoma na jibu likakaribia sana zile dakika 38. Hakuna kitabu kinachoweza kukupa hilo. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu, tafuta kazi ambayo haiwezekani bila shule ya pili, vipimo vya mvua, bei za sokoni, aina za udongo, chochote ambacho wao wanacho na nyie hamna. Kama mpango ni wewe kusimama mbele ya kamera unaongea kipindi kizima bora ujirekodi uwatumie WhatsApp, watasikiliza kwa muda wao na bando halitaisha.

Jambo la pili ni sauti. Watu wanahangaika na picha, mara kamera kali, mara HD, wakati darasa linakufa kwa sababu ya sauti. Picha ikiganda watoto wanavumilia, sauti ikikatakata dakika mbili tu wameshaanza stori zao na kuwarudisha ni kazi. Hii biashara ya madarasa kuonana kwa kompyuta sio ya jana, chuo kikuu cha Cornell huko Marekani walitoa programu ya CU-SeeMe mwaka 1992 kwa kompyuta za Macintosh, picha ndogo zisizo na rangi, na mwanzoni haikuwa na sauti kabisa, sauti ikaja 1994. Sisi leo tuna vyote ila kipaumbele chako kiwe sauti. Tena ndiyo nafuu kwa bando, sauti inaenda na chini ya kilobiti 100 kwa sekunde, video ya kawaida inataka kama 600, ukipiga hesabu ya dakika 40 hiyo video inakula karibu MB 180 kwa upande mmoja tu. Mtandao ukianza kusumbua zima kamera bila kuwaza mara mbili, bakiza sauti.

Na maiki ya kompyuta haiwezi kusikia mtoto wa dawati la nyuma, usijidanganye. Sisi tuliweka kiti kimoja mbele karibu na maiki, anayetaka kuongea anakuja anakaa hapo anataja jina anaongea, na wale waoga ambao kawaida hawanyooshi mkono ukiwapangia zamu wanakuja vizuri tu. Mwanafunzi akimaliza maiki inazimwa, maana spika na maiki vikiwa wazi pande zote mbili mtapata mwangwi wa kuumiza kichwa. Kule uwanjani tulitumia simu iliyojiunga kama mshiriki mwingine, maiki na spika yake tukazima, inapeleka picha ya kivuli tu. Halafu ukiuliza swali subiri, sauti inachelewa kufika na jibu nalo linachelewa kurudi, mwalimu asiye na subira anajikuta anaongea juu ya watoto wa watu. Na mvua jamani! Darasa la bati bila dari mvua ikishuka hamsikilizani hata humo ndani, sembuse Kigoma, kwa hiyo wakati wa masika kuwa na siku ya akiba mkononi.

Muda. Kipindi chetu ni dakika 40 na Zoom ya bure nayo inakata dakika 40 hata mkiwa wawili tu, inaonekana kama imepangwa lakini mkipoteza dakika 10 mnaulizana mnatusikia, zimeliwa kwenye hizohizo. Unganisheni wakati wa mapumziko, watoto waingie kila kitu kimeshakaa sawa. Kazi ya kivuli inataka vipindi viwili pamoja, hapo tulitumia Google Meet ambayo bure inakwenda dakika 60, tukafunga tukafungua linki nyingine.

Picha sina mengi, kamera isiangalie dirisha mtaonekana vivuli vyeusi, na maandishi yaandikwe kwa maka pen kwenye karatasi nyeupe kwa herufi kubwa kisha yasogezwe kwenye kamera, ubao wa chaki kwa mbali hausomeki. Kurekodi sura za watoto kunahitaji ruhusa ya mkuu wa shule na wazazi, na linki isitupwe kwenye magrupu ya watu.

Ila haya yote hayasimami bila mwalimu wa upande wa pili. Watu wanadhani mtambo unaziba pengo la mwalimu, hapana, darasa la watoto wa kidato cha kwanza mbele ya skrini bila mtu mzima aliyeiva kwenye mada linayeyuka mara moja. Madamu wa Kigoma ndiye anayemwona mtoto aliyeshika rula kichwa chini, mimi kwenye skrini siwezi kumwona. Kwa hiyo kabla ya kipindi tunaongea sisi wawili kwa simu, nani anaanza, nani anauliza, nani anafunga, na maswali yanapigwa picha yanatumwa siku moja kabla ili kila upande uyaandike ubaoni.

Na siku mtandao ukigoma kabisa, kama Mei 2024 zilipokatika nyaya za baharini za EASSy na Seacom intaneti ikawa ya kusuasua siku kadhaa, msiwarudishe watoto kwenye noti. Maswali yako ubaoni, fimbo ziko uwanjani, mpigie mwenzako simu ya kawaida weka spika karibu na kile kiti cha mbele, wasomeane vipimo kwa sauti kila upande uandike kwenye jedwali lake, kipindi kinaenda.