Makato ya LUKU, mikopo ya simu na meseji feki: majibu kwa wasomaji wa Mwanza

Waliotuma picha za risiti pamoja na maswali yao wameturahisishia kazi. Bila risiti, mjadala wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ni wa kubahatisha tu.

Nimepanga Igoma, chumba na sebule. Nikinunua umeme wa elfu kumi mwanzoni mwa mwezi napata uniti chache kuliko nikinunua katikati ya mwezi. Fundi wa mtaani anasema mita inaiba. Ni kweli?

Mita haiibi. Unakatwa kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 inakusanywa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Julai 2023 ikapanda hadi 1,500. Kwa ghorofa mjini ni 7,500 kwa kila sakafu. Inakatwa unaponunua umeme kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi, ndiyo maana katikati ya mwezi huioni.

Tuisome risiti yako. Kwenye elfu kumi, 1,500 inaondoka kwanza, inabaki 8,500. Humo ndani kuna VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1. Inayobaki kununua umeme wenyewe ni kama 6,967, na kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti unapata 23.9. Bila kodi ya jengo ungepata 28. Ukikuta pungufu ya hapo, tafuta mstari wa deni: huenda mpangaji aliyekutangulia aliacha kitu.

Sasa kodi ni ya nani? Ni ya mwenye nyumba. Lakini mfumo hautambui nani amekaa na simu mkononi akiingiza namba ya mita. Unamkata yeyote anayenunua. Serikali ilichagua njia rahisi ya kukusanya, na kazi ya kudai irudishwe ikabaki kwa mpangaji. Hifadhi risiti ya ununuzi wa kwanza wa kila mwezi. Kwa mwaka ni 18,000, na wakati mzuri wa kuidai ni siku mnapohesabiana pango, si baada ya kumkabidhi pesa. Mkataba mpya uandikwe hilo kwa sentensi moja.

Umegusia pia kwamba nyumba ina mita tatu na zote zinakatwa. Hapo pana kosa. Jengo moja la kawaida linalipiwa mara moja. Mwenye nyumba apeleke namba za mita zote (kila moja ina tarakimu 11) TANESCO au TRA ili ibaki moja inayokatwa. Wewe mpangaji ukienda peke yako utazungushwa, kwa hiyo mbane yeye.

Shikamooni. Nyumba ya mama yangu iliyoko Nansio ilifungwa tangu mwanzoni mwa 2024. Mwaka uliofuata nikanunua umeme, nikaletewa namba tatu ndefu badala ya moja, na uniti kiduchu. Nimeingiza ile ya mwisho, mita inakataa.

Marahaba. Ingiza zote tatu kwa mpangilio zilivyokuja, kila moja ikiwa na tarakimu 20. Mbili za kwanza hazina umeme. Zinabadilisha ufunguo wa ndani ya mita. Ya tatu ndiyo yenye uniti, na haiwezi kukubaliwa kabla ya hizo mbili. Ukikosea tarakimu, usianze kubonyeza ovyo: futa, rudia taratibu, ikiwezekana mmoja asome na mwingine abonyeze.

Sababu yake ni hii. Mita hizi duniani kote zilikuwa zikihesabu dakika tangu mwaka 1993, na nafasi ya kuhesabia ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikubadilishwa ufunguo haipokei tokeni mpya, yaani zile namba ndefu za umeme. Kama mama aliacha tokeni ya zamani kwenye daftari bila kuiingiza, usihangaike nayo. Chukua risiti yake uende TANESCO.

Uniti kiduchu ni kodi ya jengo iliyolimbikizwa. Nyumba ikifungwa, kodi haifungwi. Miezi 18 bila kununua ni 27,000. Ila kama mama ametimiza miaka 60 na nyumba ni ya kuishi mwenyewe, bila biashara, anastahili msamaha. Aombe akiwa na kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya kijiji au mtaa. Msamaha haujileti wenyewe kwa sababu ya umri.

Nauza barafu na juisi Nyakato. Zamani elfu moja ilinipa uniti nane, sasa hazifiki tatu. Nimekosa nini?

Hujakosa, dada, umehamishwa kundi. Kundi la matumizi madogo nyumbani ni la wanaotumia hadi uniti 75 kwa mwezi, kwa shilingi 122 kila uniti pamoja na makato. Mwezi mzima hauzidi 9,150. Ukivuka, uniti ya 76 inagharimu 427, na ukiendelea kuvuka unapelekwa kundi la kawaida, takriban 356 kwa uniti. Uniti 75 zilezile huko ni kama 26,700.

Friza peke yake inaweza kula uniti mbili au tatu kwa siku, yaani 60 hadi 90 kwa mwezi. Kwa hiyo kurudi kundi la chini huku friza inafanya biashara ni ndoto. Weka bei ya barafu ukihesabu 356. Unachoweza kupunguza ni upotevu. Bana kipande cha karatasi kwenye mlango wa friza kisha ukivute: kikitoka kirahisi, mpira umekwisha na baridi inavuja mchana kutwa. Yeyusha theluji ya kwenye kuta kabla haijawa nene kama kidole. Sogeza friza mbali na ukuta kiganja kimoja, na usiweke juisi ikiwa moto.

Nilikopa 50,000 kwenye programu ya simu. Nilipokea 35,000, baada ya siku saba wanataka 52,000. Sasa wanawapigia wakwe zangu.

Umeongezewa 17,000 juu ya 35,000 kwa wiki moja, karibu asilimia 49. Kikomo cha riba cha Benki Kuu kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwenye 35,000 hiyo ni 1,225. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zinazokopesha bila idhini. Angalia kama yako imo.

Piga picha za skrini zinazoonyesha jina la programu, tarehe na kiasi ulichopokea, pamoja na meseji walizowatumia wakwe. Fungua mipangilio ya simu, ondoa ruhusa ya kusoma majina, ndipo uifute. Majina waliyokwisha kuyachukua hayarudi kwa kufuta, hilo ulijue. Peleka ushahidi tawi la Benki Kuu hapa Mwanza na polisi. Kuwatangazia watu deni lako pia kunagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayotumika tangu Mei 2023, na ina tume yake ya kupokea malalamiko. Ulichopokea ni deni, kirudishe na utunze uthibitisho. Usikope programu ya pili kulipa ya kwanza. Hapo ndipo wengi wanapozama.

Kwa nini petroli Mwanza ni ghali kuliko Dar?

Usafiri. Lori linatembea zaidi ya kilomita 1,100, na gharama hiyo imo kwenye bei kikomo ya EWURA inayobadilika Jumatano ya kwanza ya mwezi. Piga *152*00# uone ya kwenu.

Mteja wa dagaa soko la Mwaloni Kirumba alinionyesha meseji ya malipo, magunia matatu yakapakiwa. Salio halikuongezeka.

Meseji si pesa. Mtu yeyote anaweza kuiandika. Kabla gunia halijanyanyuliwa, fungua menyu yako mwenyewe (*150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money) uangalie salio, hata kama mteja ananung'unika kwamba gari linaondoka. Haraka yake ndiyo mtego. Namba aliyotumia itume kwa meseji kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, kisha kafungue jalada polisi ukiwa na namba ya gari. Na ukiwa hapohapo kwenye simu, piga *106# uone kama kuna laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako.