Modeli ya shujaa wa komiki: anza na mshono, rangi itafuata

Komiki zikishakukolea, muda si mrefu utatamani shujaa wako asimame juu ya meza. Modeli ya plastiki ndiyo njia nzuri ya kumsimamisha, ila ujue mapema kwamba shujaa ni mgumu kuliko gari au ndege ya vita. Suti yake imembana: haina mikunjo, haina mifuko, haina tope la kufichia kosa. Mstari mmoja wa mshono, pale nusu mbili za plastiki zinapokutana, ukibaki pajani, kila atakayemtazama ataanza kuona pale.

Ukiagiza kutoka nje, agiza modeli peke yake, na ulizia ushuru wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kabla hujalipa. Gundi ya plastiki na rangi za kopo la kupuliza hushika moto, kwa hiyo wauzaji wengi hawazitumi kwa ndege. Kwa mara ya kwanza chukua modeli ya kubana kwa pini isiyohitaji gundi, kama Figure-rise Standard za Bandai, kampuni ya Japani, ambazo vipande vyake hutoka kiwandani vikiwa na rangi. Msasa wa maji namba 400, 600 na 1000 utaupata kwenye maduka ya rangi za magari, upande wa Kisekka au Katwe, Kampala. Koleo ndogo ya kukatia ni ile ile ya mafundi wa simu, yenye upande mmoja bapa. Tupa ya kucha na kibano cha nyusi, ingia duka lolote la vipodozi.

Thina ya magari iache huko huko dukani. Plastiki ya modeli ni polistairini, na thina hiyo huila, sawa na asetoni ya kuondolea rangi ya kucha. Dakika moja tu na pua ya shujaa imelainika.

Osha fremu zote, yaani viunzi vya plastiki vilivyoshika vipande, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu mafuta ya kiwandani hufanya rangi ibanduke. Kata kila kipande mara mbili: kwanza milimita 3 kutoka kwenye kipande, kisha karibu, ukiacha nusu milimita ya kumalizia kwa tupa. Ukikata karibu kwa mkupuo mmoja, plastiki huvutika na kuacha doa jeupe lisilofutika kirahisi.

Sasa mshono wenyewe. Hata modeli ya pini, paka gundi kwenye mikono, miguu na kifua. Gundi ya plastiki huyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja. Supa glu hushika juu juu tu, na mvuke wake huacha ukungu mweupe. Paka kingo zote mbili, subiri kidogo zilainike, kisha bana kwa nguvu mpaka uzi mwembamba wa plastiki laini utoke nje kwenye mshono wote. Usiufute, huo ndio utakaoziba pengo. Acha siku mbili nzima. Wengi hawana subira hapa: wanapiga msasa kesho yake, mguu unang'aa vizuri, halafu wiki ijayo mshono unazama tena kwa sababu ndani palikuwa bado pabichi. Zikishapita siku hizo, sugua kwa maji, 400 kisha 600 kisha 1000, ukifuata mviringo wa msuli. Ukisugua palepale tu, paja litakuwa bapa. Pitisha tochi ya simu kwa ubavu. Kivuli kikionekana, bado.

Praima ya kijivu, rangi ya chini ya kushikia rangi nyingine, hupulizwa kutoka sentimita 20 hadi 25, tabaka jembamba. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, usipulize asubuhi wala baada ya manyunyu. Rangi ikikauka hupoza uso wa plastiki, unyevu wa hewa unanasa humo, na modeli inakuwa na weupe kama wa ukungu. Ngoja adhuhuri kavu, kivulini, pasipo vumbi la barabara.

Nyekundu na njano hazifuniki kijivu. Tanguliza nyeupe, au waridi chini ya nyekundu. Rangi ya akriliki izimue, sehemu mbili za rangi kwa moja ya maji, tabaka tatu au nne, nusu saa kati yake. Rangi nzito hujaza mistari ya misuli.

Kwa suti nyeusi, fungua komiki yako. Wachoraji wa zamani waliangazia weusi kwa bluu, na ndivyo vazi la Batman lilivyopata sura yake. Basi paka nyeusi, kisha bluu iliyokolea kwenye vilele vya misuli tu. Chagua picha moja na uifuate mpaka mwisho, maana mwanga hubadilika kila ukurasa.

Viungo vinavyocheza, magoti na viwiko, usivipake ndani. Rangi itachubuka mara ya kwanza utakapomkunja.